Ujerumani yatafuta wataalamu: kati ya mume na mke, nani atangulie?

Mwezi uliopita, baada ya kipindi chetu cha asubuhi kuhusu kazi za ng'ambo, mume na mke kutoka kijiji kimoja nje kidogo ya mji wa Voi walifika studioni bila miadi. Walikuwa na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na vyeti vya mama, vyeti vya mzee, na karatasi ya wakala aliyetaka shilingi 180,000 kabla ya Ijumaa ili awatengee "nafasi mbili za Ujerumani". Ng'ombe wawili walikuwa wameshapata mnunuzi. Walichotaka kwetu ni jibu moja tu: walipe au wasilipe?

Tuliwaambia wasilipe Ijumaa hiyo. Lakini jibu hilo halimtoshi mtu ambaye ameshaamua moyoni kwamba hapa hakuna kazi. Mama ni muuguzi mwenye diploma, amesajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, ana miaka 31, na anafanya kazi katika kliniki ya kibinafsi kwa shilingi 25,000 kwa mwezi. Mzee ana miaka 34, ni fundi wa stima. Amefanya mtihani wa gredi ya pili wa NITA, na kazi anaipata nyumba inapojengwa, si kila wiki. Wana mtoto wa miaka minne. Ujerumani kweli inatafuta wauguzi, na kweli inatafuta mafundi wa stima. Sasa kwa nini mambo yasiwe rahisi?

Kwa ruhusa yao tunaeleza hapa tuliyoyaona kwenye bahasha ile, bila majina, kwa sababu tangu kipindi kile tumepokea jumbe nyingi za simu zenye swali hilo hilo.

Ile hesabu ya kazi 250,000

Wakala aliwaambia kwamba Ujerumani "imeipa Kenya kazi robo milioni" na kwamba nafasi zinaisha. Hesabu hiyo mmeisikia. Hata sisi tuliisoma hewani, Septemba 2024, na siku iliyofuata tukalazimika kuirekebisha.

Kilichotokea ni hiki. Tarehe 13 Septemba 2024, mjini Berlin, Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi wakati wa ziara ya Rais William Ruto kwa Kansela wa wakati huo, Olaf Scholz. Baadhi ya vyombo vya habari vya kimataifa vikaandika kwamba Ujerumani imekubali kuwapokea Wakenya 250,000. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikajitokeza na kusema habari hiyo ni ya uongo, kwamba mkataba hauna idadi yoyote, na kwamba kila mwombaji lazima atimize masharti ya sheria ya Ujerumani kama mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo mkataba upo, lakini hauna foleni ya Wakenya wala nafasi zilizotengwa ambazo mtu anaweza kukuuzia. Unazungumzia ushirikiano, kubadilishana habari, mafunzo ya lugha, na pia jambo ambalo wanasiasa wetu hawalitaji sana kwenye mikutano: kurahisisha kurudishwa nyumbani kwa Wakenya walio Ujerumani bila kibali. Kama kipimo cha jinsi mambo yalivyoanza, wakati mkataba unatiwa saini, Wakenya waliokuwa wakisifiwa kwa kufungua njia walikuwa madereva watano wa mabasi, katika mji wa Flensburg, kaskazini mwa Ujerumani. Watano.

Tunasema hivi bila kukejeli. Ujerumani ina shida ya kweli. Watu waliozaliwa kwa wingi baada ya vita, miaka ya 1950 na 1960, wanastaafu, na watoto waliozaliwa baadaye hawatoshi kuwarithi kazini. Sheria yao ya wataalamu kutoka nje ilianza Machi 2020 na ikalegezwa hatua kwa hatua kati ya Novemba 2023 na Juni 2024. Mlango umefunguliwa zaidi ya zamani. Ila ni mlango wa karatasi, na kila mtu anaingia na karatasi zake mwenyewe.

Tulipozipanga karatasi mezani

Mzee alikuwa na mpango wake. Yeye atangulie, apate kazi ya stima, atume pesa, kisha mke na mtoto wafuate. Ndivyo baba yake alivyokwenda Mombasa, na ndivyo wanaume wengi wa huku walivyokwenda kutafuta. Mama hakubisha. Tulipoanza kusoma masharti, tukaona mpango umepinduka.

Sheria ya Ujerumani humwita mtu mtaalamu kwa elimu yake kwanza, ujuzi wa mikono baadaye. Kwa fundi, wanataka mafunzo rasmi yanayotambuliwa na serikali ya nchi yake, ya muda wa angalau miaka miwili. Mzee alijifunza stima kwa binamu yake, kazini, akawa hodari, kisha akaenda NITA kupimwa. Cheti cha gredi kinathibitisha kwamba anajua kazi. Hakionyeshi kwamba alikaa darasani na karakana miaka miwili. Kwa mwenye nyumba wa Voi tofauti hiyo haina maana. Kwa afisa wa Ujerumani ndiyo kila kitu.

Alituuliza kuhusu kadi ya fursa, ambayo wao huiita Chancenkarte, iliyoanza tarehe 1 Juni 2024. Hii inamruhusu mtu kwenda Ujerumani hadi mwaka mmoja kutafuta kazi, bila kuwa na mwajiri bado. Imezungumzwa sana kwenye mitandao na vijana wengi wanadhani ni viza ya wote. Ina masharti ya msingi: hiyo elimu ya miaka miwili au shahada, pamoja na Kijerumani cha kiwango cha A1 au Kiingereza cha B2. Ukishavuka hapo ndipo unahesabiwa pointi, nawe unahitaji angalau sita, kutokana na umri, uzoefu, lugha na kadhalika. Kuna hata pointi moja kwa wanandoa ambao wote wawili wanatimiza masharti na wanaomba pamoja. Lakini fundi wetu angekwama mlangoni, kabla ya kufika kwenye pointi.

Na hata angevuka, kuna fedha za kuonyesha. Kwa mwaka 2025 kiwango kilikuwa yuro 1,091 kwa kila mwezi, yaani yuro 13,092 kwa mwaka mzima. Ukipiga yuro moja kwa shilingi 150 hivi, hizo ni karibu shilingi milioni mbili. Si ada, ni pesa zako za kula, lakini lazima zionekane kabla ya viza, labda uwe na mkataba wa kazi ya muda kule. Ng'ombe wawili hawafiki huko. Shamba lenyewe halifiki.

Mama alikuwa amenyamaza muda wote huo. Vyeti vyake vilikuwa chini kabisa ya bahasha.

Njia ya muuguzi

Diploma ya uuguzi ya Kenya ni ya miaka mitatu na zaidi, na mafunzo ya muuguzi Ujerumani ni miaka mitatu. Hapo mama ana pa kusimama. Lakini uuguzi kule ni kazi inayolindwa na sheria: huwezi kuitwa muuguzi kamili mpaka mamlaka ya jimbo utakalofanyia kazi ilinganishe masomo yako na ya kwao na kukupa leseni. Majimbo ni 16, na kila moja lina ofisi yake. Wanataka diploma, matokeo yanayoonyesha saa za darasani na za wodini, usajili wa Baraza la Wauguzi, vyote vikiwa vimetafsiriwa kwa Kijerumani na mtafsiri aliyeapishwa.

Mara nyingi jibu la kwanza kwa wauguzi wa nje ya Ulaya linasema: elimu yako inafanana na yetu, ila kuna mapengo haya na haya. Usiichukulie barua hiyo kama kukataliwa. Ndiyo inayofungua safari. Kwa barua hiyo muuguzi anaweza kwenda Ujerumani na kuziba mapengo, ama kwa mafunzo ya nyongeza hospitalini, ama kwa kufanya mtihani. Wakati huo anafanya kazi, lakini kama msaidizi.

Hapa ndipo tunataka wasikilizaji wasikie hesabu, kwa sababu mawakala husema mshahara wa mwisho na kunyamazia wa mwanzo. Katika huduma za wazee, kima cha chini cha mshahara Ujerumani kuanzia Julai 2025 kilikuwa yuro 20.50 kwa saa kwa muuguzi aliyetambuliwa, na yuro 16.10 kwa msaidizi asiye na cheti cha kule. Kwa wiki ya saa 39, hiyo ni takriban yuro 3,460 kwa mwezi kwa muuguzi na 2,720 kwa msaidizi. Kabla ya makato. Bima ya afya, pensheni, bima ya ukosefu wa kazi na kodi vikitoka, mtu anayehesabiwa kuwa peke yake hubaki na kama theluthi mbili ya mshahara wa muuguzi. Kisha alipe nyumba. Bado ni pesa nyingi kuliko za kliniki, hakuna ubishi. Lakini anayepanga kutuma shilingi 150,000 nyumbani kila mwezi tangu mwezi wa kwanza atajikuta anakula mkate mkavu.

Tumesema "anayehesabiwa kuwa peke yake" kwa makusudi. Ujerumani ina madaraja ya kodi, na wanandoa wanaweza kupata unafuu, lakini kwa kawaida unafuu huo ni kwa wanaoishi wote wawili kule. Mume aliyebaki Voi hampatii mke wake unafuu huo wa madaraja. Kwa hiyo kila mwezi wa kutengana una gharama ambayo haionekani kwenye karatasi ya wakala.

Lugha sasa. Ili apate leseni, muuguzi huhitaji Kijerumani cha kiwango cha B2. Taasisi ya Goethe, ambayo mitihani yake inaaminiwa na ubalozi, inakadiria vipindi 600 hadi 800 vya dakika 45 kufikia hapo ukianzia sifuri. Mama alipiga hesabu mwenyewe kwenye kiganja: vipindi viwili kila jioni, siku tano kwa wiki, ni zaidi ya mwaka mmoja na miezi kadhaa. Akacheka. "Kwa hivyo yule wa Ijumaa alitaka kunipeleka nikaseme nini?"

Na huo ndio mtego. Mtu anayekuahidi uuguzi wa Ujerumani ndani ya miezi mitatu bila lugha anakudanganya, au anakupeleka kazi nyingine kabisa.

Nani hulipa nini

Kwa wauguzi, Ujerumani imeweka alama ya serikali ya uajiri wa haki, na kampuni zilizo na alama hiyo zinafuata kanuni kwamba mwajiri ndiye anayelipa gharama za kumtafuta mfanyakazi. Si zote zinazo, lakini kuwepo kwake kunakupa swali la kumwuliza wakala: mwajiri ni nani, na kwa nini mimi ndiye ninayelipa?

Mama atalipa baadhi ya vitu yeye mwenyewe, hasa kama hajapata mwajiri bado. Pasipoti ya kurasa 34 ni shilingi 7,500 tangu bei zilipopandishwa Machi 2024. Cheti cha mwenendo mwema kutoka DCI ni kama shilingi elfu moja, kupitia eCitizen. Masomo ya lugha na mitihani, tafsiri, nauli za Nairobi. Ada ya viza ya taifa ni yuro 75, na inalipwa kwenye maombi ya viza yenyewe. Kuna pia utaratibu wa haraka kwa wataalamu, lakini huo hufunguliwa na mwajiri, kule kule Ujerumani, katika ofisi ya wageni, na ada yake ni yuro 411. Wakala anayekuomba "ya kuharakisha" kwa M-Pesa hana cha kuharakisha.

Jina la kampuni iliyokuwa kwenye ile karatasi tuliliingiza katika orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ambayo huorodhesha mawakala wenye leseni kwenye tovuti yake. Halikuwemo. Kuwemo nako hakutoshi, maana kampuni yenye leseni ya kupeleka watu Ghuba haina lazima iwe na mwajiri Ujerumani. Omba barua ya mwajiri, yenye anwani, na ukaitafute anwani hiyo. Habari za masharti zipo bure kwenye tovuti rasmi ya serikali ya Ujerumani iitwayo Make it in Germany, na Kiingereza chake kinasomeka kwenye simu ya kawaida.

Mkataba ukija, kabla ya kutia saini tafuta kifungu cha kurudisha gharama. Waajiri wengine humlipia muuguzi masomo na tikiti, kisha huandika kwamba akiacha kazi kabla ya miaka kadhaa atalipa maelfu ya yuro. Huenda ukakubali sharti hilo, lakini ulikubali ukiwa unalijua.

Wasikilizaji wa Bonde la Ufa hawahitaji kukumbushwa kuhusu kutoa pesa kwa sababu jina kubwa limetajwa. Mwaka 2023 wazazi waliandamana Eldoret wakidai fedha walizolipa kwa mpango wa masomo wa Finland na Kanada ulioendeshwa kupitia kaunti ya Uasin Gishu. Baadhi yao walikuwa wameuza mashamba. Kama jambo lililobeba jina la kaunti liliweza kufika huko, itakuwaje karatasi isiyo na muhuri?

Cheti kisichokuwemo

Kulikuwa na pengo moja zaidi kwenye bahasha, na tulisita kulitaja. Hakukuwa na cheti cha ndoa. Mahari ilitolewa, wazee walikaa, mbuzi walichinjwa, na mtaa mzima unawajua kama mume na mke kwa miaka sita. Serikali haiwajui. Sheria ya Ndoa ya 2014 inazitambua ndoa za kimila, lakini inataka zisajiliwe. Bila cheti, mama akiomba viza leo ataandika kwamba hajaolewa, na atakapotaka kumwita mumewe miaka miwili baadaye, ubalozi utauliza huyu mume ametoka wapi. Cheti kilichochukuliwa haraka haraka baada ya mmoja kusafiri huamsha maswali ambayo cha mapema hakiamshi.

Mzee aliinama kidogo hapo. Alisema, "Hili tungelifanya zamani, ni uvivu tu."

Cheti kikiwepo, mambo yanamgeukia vizuri. Mwenzi wa mtaalamu aliyepata kibali Ujerumani, akija kwa viza ya familia, anaruhusiwa kufanya kazi yoyote bila kuhukumiwa kwa vyeti vyake. Fundi ambaye angekwama mlangoni kama mwombaji angeingia kama mume. Angeweza kuanza na kazi ya mikono, au kuingia mafunzo ya ufundi wa stima ya kule, ambayo huchukua miaka mitatu na nusu na hulipwa posho. Kibali cha kudumu kwa mtaalamu kinaweza kuombwa baada ya miaka mitatu, tangu sheria ilipolegezwa, kwa wenye Kijerumani cha B1 na michango ya pensheni. Lakini ili kumwita mwenzi na mtoto, lazima kipato cha aliyetangulia kiwatoshe wote, na katika miezi ya usaidizi hilo ni gumu. Kwa hiyo waseme ukweli wao kwa wao: huenda mtoto akakaa mwaka mmoja, au zaidi, na baba na nyanya, mama akiwa mbali.

Baadhi yenu mmetuandikia mkiuliza kwa nini wasiende Uingereza, ambako lugha si kikwazo. Tangu tarehe 11 Machi 2024, wahudumu wa kuwatunza wazee hawaruhusiwi kuja Uingereza na wake, waume wala watoto, na tangu tarehe 22 Julai 2025 njia ya kuwaajiri wahudumu hao kutoka nje imefungwa. Wauguzi bado wanaajiriwa, lakini waliokopa ili wapitie mlango wa uhudumu wameachwa nje. Ujerumani nayo inaweza kubadilika. Kansela ameshabadilika, ni Friedrich Merz tangu Mei 2025, na njia ya kupata uraia kwa miaka mitatu ilifutwa Oktoba 2025, ikabaki mitano. Milango ya wataalamu haijaguswa kwa namna hiyo, ila mtu asiweke rehani shamba la ukoo akiamini sheria ya nchi ya watu itamsubiri.

Na kliniki ile itabaki na nani? Wasikilizaji wetu watatu waliuliza hivyo kwa hasira, na hatuna la kuwajibu vizuri. Wauguzi walioajiriwa kwa kandarasi chini ya mpango wa UHC tangu 2020 wameandamana mara kwa mara wakidai ajira ya kudumu. Nchi inayoshindwa kumpa muuguzi wake kandarasi ya kueleweka haiwezi kumlaumu akisoma Kijerumani usiku.

Ijumaa ilipita bila malipo. Ng'ombe mmoja waliuza, kwa bei nzuri kuliko ya yule mnunuzi wa haraka, na pesa hizo zimelipia A1 ya mama, darasa la mtandaoni saa mbili usiku, intaneti ikiwa nzuri. Wamepeleka notisi kwa msajili wa ndoa. Mzee amechukua fomu ya chuo cha ufundi, kozi ya stima ya miaka miwili, ingawa anasema kukaa dawati moja na watoto wa miaka 18 kutamchekesha kijiji kizima. Hajairudisha bado. Wakala amepiga simu mara mbili, na mara ya pili bei ilikuwa imeshuka hadi 120,000.